Kukarabati Jiko la Nyumba ya Zamani: Kumbukumbu na Mafunzo kutoka Mbwawa

Katika nyumba za zamani za ukanda wa Kibaha na Kisarawe, jiko ndiyo sehemu inayochakaa mapema kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoachwa mwisho katika mipango ya matengenezo, ingawa humo ndimo moto, maji, moshi na chakula hukutana kila siku. Mwenye nyumba anapopata fedha kidogo, kwa kawaida huanza na paa la nyumba kubwa, akaja kwenye milango ya mbele, akamalizia na sebule, na jiko hubaki na masizi yake mpaka ukuta uanze kuinama. Insha hii inaeleza yaliyojifunzwa katika ukarabati wa jiko moja la nyumba ya zamani huko Mbwawa, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, ambao wenye nyumba waliufanya kwa mikono yao wenyewe, wakiwaita mafundi kwa zile kazi tu ambazo usalama na sheria vinataka zifanywe na mwenye ujuzi. Hoja yake ni kwamba jiko la zamani lilijengwa kwa sababu, na kwamba karibu kila kinachoondolewa humo kilikuwa kikifanya kazi zaidi ya moja; kwa hiyo anayetaka kulifanya jipya ana wajibu wa kuzijua kazi hizo kabla ya kushika sururu, ili kila kazi inayoondolewa ipate cha kuibeba.

Jiko la uani na sababu zake

Nyumba inayozungumziwa ni ya aina inayojulikana pwani nzima kuwa nyumba ya Kiswahili, yaani nyumba ya mstatili yenye baraza mbele, ukumbi mwembamba unaopita katikati, vyumba pande zote mbili, na mlango wa nyuma unaotokea uani. Uani ni eneo la nyuma lililozungushiwa uzio, ambamo huwekwa jiko, bafu, choo na mahali pa kufulia na kuanikia. Kuta zake zilijengwa kwa miti iliyochimbiwa ardhini, ikafungwa fito za mlalo ndani na nje, kisha nafasi iliyobaki ikajazwa na kukandikwa udongo mwekundu. Nyumba kubwa iliezekwa bati tangu zamani, lakini jiko, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa kibanda cha nyongeza, liliendelea kuezekwa makuti hadi ukarabati ulipoanza. Nyumba za namna hii zimetapakaa katika eneo lote, kuanzia makazi yaliyokua kandokando ya Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907 kwa kupitia Pugu, Soga na Ruvu, hadi vijiji vilivyopangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Wengi wa wanaozirithi leo hufanya kazi Dar es Salaam au Kibaha mjini, hurudi mwisho wa juma, na huwa na hamu ya kuzifanya za kisasa.

Hatua ya kwanza ya wengi wao ni kulivunja jiko la uani na kuhamishia mapishi kwenye chumba kimojawapo cha ndani, jambo ambalo linafaa kutanguliwa na swali: kwa nini wazee waliojua kujenga nyumba ya kudumu waliamua kuliweka jiko nje? Sababu iliyo wazi ni moto, kwa kuwa cheche moja katika paa la makuti ilitosha kuteketeza kila kitu, na ilikuwa nafuu kupoteza kibanda kuliko kupoteza nyumba. Moshi na joto ni sababu nyingine, maana vyumba vya nyumba ya Kiswahili vina madirisha madogo na havina pa kuvitolea haraka. Zaidi ya hayo, kazi za jiko la pwani huhitaji nafasi na mikono mingi: kukuna nazi, kutwanga, kupeta, kuchambua mchele na kumenya muhogo ni shughuli zinazofanywa kwa kukaa chini au kusimama penye uwazi, huku watoto wakionwa wanapocheza na jirani akipokewa bila kazi kusimama.

Iko pia sababu isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo iliyokuja kutawala kumbukumbu hizi. Juu ya mafiga, yaani mawe matatu yanayobeba chungu, palikuwa na uchaga, jukwaa la fito lililoning'inizwa chini ya paa, ambapo yaliwekwa mahindi ya mbegu, samaki wa kukaushwa na kuni mbichi. Moshi uliopanda kila siku ulizikausha mbegu hizo na kuwafukuza dumuzi, wadudu wadogo wanaotoboa nafaka, kisha ukapenya katika makuti na boriti na kuacha utando mweusi ambao wadudu hawaupendi. Mama mkubwa wa mwandishi, aliyepika katika jiko hilo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, alipoelezwa kwamba mafiga yataondolewa na moshi utakwisha, hakupinga, lakini alitaka jambo moja lijibiwe kwanza. "Mwanangu," alisema, "moshi huu mnaoukimbia ndio uliolitunza paa hili. Mkiuondoa, mchwa na dumuzi mtawafukuza kwa kitu gani?"

Swali hilo lilibadili mpango mzima wa kazi, kwa sababu lilionyesha kwamba kuondoa moshi, ambao ni adui halisi wa mapafu na macho, kulikuwa pia kuondoa ghala la mbegu na dawa ya mbao. Jibu lilipatikana kwa sehemu mbili. Mbegu zilihamishiwa katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huua dumuzi bila dawa kwa kuwa wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyofungiwa ndani na kukosa pumzi. Kwa upande wa paa, ilikubaliwa kwamba makuti yasiyopata moshi yangeliwa na kuoza mapema, hivyo yaliondolewa na kuezekwa bati juu ya kenchi za mbao zilizotiwa dawa, huku ikiachwa nafasi ya wazi kati ya kichwa cha ukuta na bati ili joto lipate pa kutokea.

Kulisoma jiko kabla ya kulibomoa

Kazi ya kwanza ya ukarabati haikuhitaji chombo chochote isipokuwa daftari, chaki na kamba ya kupimia. Jiko lilitazamwa likiwa linatumika, asubuhi na jioni, na yaliyoonekana yakaandikwa: maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa wapi na yalielekea wapi, moshi ulitokea upande gani, mpishi alipotoa chungu motoni alikitua wapi, mbuzi ya kukunia nazi na kinu vilikaa wapi, na ni mahali gani palipokuwa na giza hata mchana. Alama za chaki ziliwekwa sakafuni na ukutani, na baada ya muda zilichora ramani ya mwendo wa mpishi ambayo ilitofautiana sana na michoro ya majiko iliyopatikana katika majarida ya nyumba, kwa kuwa michoro hiyo humdhania mpishi mmoja anayesimama wakati wote, ilhali jiko la Mbwawa lilikuwa la watu watatu au wanne waliokuwa wakikaa, kuinama na kusimama kwa kupokezana.

Majira nayo yalisomwa. Pwani ya Tanzania hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na upepo wake hugeuka: kusi huvuma kutoka kusini katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na Machi. Jiko linalotazamwa wakati wa kusi peke yake linaweza kuonekana kuwa na hewa nzuri, kumbe katika kaskazi moshi wake wote hurudi ndani na kuelekea mlango wa nyumba kubwa. Vivyo hivyo ukuta unaoonekana mkavu mwezi Februari unaweza kuwa umelowa hadi magotini mwezi Aprili. Ndiyo maana uchunguzi wa jiko la zamani unapaswa kugusa angalau msimu mmoja wa mvua, na kazi ya kubomoa na kukandika ianze mvua zinapokwisha, ili udongo na saruji vipate muda wa kukauka taratibu.

Ukuta wa udongo na mipaka ya saruji

Ukuta wa miti na udongo hukaguliwa kwa kugongwa kwa kifundo cha kidole au kwa nyundo ya mbao. Mahali palipo pazima hutoa sauti nzito, na mahali ambapo udongo umeachana na fito au mchwa wamekula mti hutoa sauti ya uwazi. Mchwa wa ardhini hawapendi mwanga, hivyo hujenga vijia vyembamba vya udongo kutoka chini hadi kwenye mti wanaoula. Kukwangua vijia hivyo bila kushughulikia ardhi yenyewe hakusaidii, kwa sababu hujengwa upya baada ya muda mfupi. Huko Mbwawa miti iliyooza chini ilibadilishwa mmoja mmoja, kwa kuegemeza paa kwanza kwa nguzo za muda, kukata sehemu mbovu, na kuweka mti mpya uliokalishwa juu ya jiwe la zege badala ya kuchimbiwa moja kwa moja katika udongo. Mti usiogusana na ardhi huwalazimisha mchwa kupita mahali wanapoonekana, na mwenye nyumba anayeyakagua mawe hayo mara kwa mara huwagundua kabla hawajafika juu.

Ulipofika wakati wa kuusawazisha ukuta, fundi mwashi mmoja wa jirani alipendekeza lipu ya saruji, yaani tabaka la mchanga na saruji linalopakwa juu ya ukuta, kwa kuwa ndiyo inayotazamwa na wengi kuwa alama ya nyumba bora. Pendekezo hilo lilikataliwa kwa heshima baada ya majaribio, na sababu zake zinafaa kufahamika kwa kila mwenye nyumba ya udongo. Udongo hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa, na kwa kufanya hivyo hutanuka na kusinyaa kidogo kila siku; saruji ikikauka huwa ngumu, haifuati mwendo huo, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Matokeo yake, unyevu unaopanda kutoka ardhini au kupenya kwenye ufa hunaswa nyuma ya lipu, udongo hulainika gizani, fito huoza, na siku moja lipu hudondoka vipande vipande huku ikiondoka na ngozi ya ukuta.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa kukandika upya kwa udongo uleule, baada ya kuujaribu kwa viraka vidogo vilivyopakwa ukutani kwa viwango tofauti vya mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kiraka chenye udongo mwingi kilipasuka kilipokauka, na chenye mchanga mwingi kilipukutika kilipofutwa kwa kiganja. Kile kilichobaki kizima na kigumu ndicho kilichoamua uwiano wa ukuta wote. Juu ya udongo huo ilipakwa chokaa, ambayo pwani imeitumia kwa karne nyingi kwa kuchoma mawe ya matumbawe na kuyazima kwa maji, na ambayo hupitisha unyevu, huzuia ukungu na huangaza chumba chenye madirisha machache. Anayeizima chokaa mwenyewe anapaswa kujua kwamba huchemka inapokutana na maji na kwamba huunguza ngozi na macho, hivyo miwani, glavu na uangalizi wa watoto si mambo ya hiari.

Saruji haikukataliwa kabisa, bali iliwekwa mahali pake. Pale ambapo maji hurushwa kila siku, yaani nyuma ya sinki, ulijengwa ukuta mfupi wa matofali ya saruji juu ya msingi wake wenyewe, ukiachiwa nafasi ndogo kati yake na ukuta wa zamani, kisha ukapigwa lipu na kubandikwa vigae. Kwa namna hiyo kila kimoja kilibaki na tabia yake, na ukuta wa udongo haukulazimishwa kubeba mzigo usiouweza. Taasisi ya umma inayohusika na utafiti wa mambo haya ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1971 na kuwa wakala mwaka 2001, ambao kwa miaka mingi umehimiza matofali ya kufungamana yanayotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Matofali ya namna hiyo yanamfaa sana anayehitaji kujenga upya sehemu ya ukuta iliyoshindikana kukarabatiwa, kwa kuwa malighafi yake kubwa hupatikana uani kwake mwenyewe.

Sakafu na njia ya maji

Sakafu ya zamani ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na ubaya wake mkubwa ulitokana na kimo chake, maana kwa miaka mingi ya kufagia na kumwaga maji ilikuwa imeshuka hadi ikawa chini ya usawa wa ua, na kila masika maji yakaingia ndani. Kumwaga saruji juu yake bila kuinyanyua kungehifadhi tatizo hilo chini ya uso mzuri. Kwa hiyo kilijazwa kifusi cha mawe na kokoto, kikashindiliwa hadi sakafu mpya ikawa juu ya ua kwa takriban sentimita 15, likatandazwa karatasi zito la nailoni ili kuzuia unyevu wa ardhini usipande, na juu yake likamwagwa jamvi, yaani tabaka la zege linalobeba sakafu, kwa uwiano wa ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto. Tabaka la juu lilikuwa la saruji 1 kwa mchanga 3, likapewa mteremko wa sentimita 1 katika kila mita 1 kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, mteremko ambao jicho haliuoni lakini maji huutii.

Saruji hupata nguvu kwa kukaa na maji, si kwa kukaushwa haraka na jua, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanaojifanyia kazi wenyewe hulipuuza kwa haraka ya kutaka kutumia walichokijenga. Sakafu ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7, na vitu vizito havikuingizwa mapema, kwa kuwa nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Katika kona moja sakafu iliachwa nene zaidi na bila vigae, ili kinu kipate mahali pa kukaa, maana kinu kinachotwangiwa juu ya vigae huvipasua, na nyumba ya pwani iliyokosa mahali pa kutwanga hulazimika kurudisha kazi hiyo nje kwenye vumbi.

Maji yanayoingia jikoni hayana budi kupangiwa njia ya kutoka kabla ya bomba kufungwa. Maji safi katika ukanda huu yana historia ndefu, kwa kuwa mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi umekuwa ukisafisha maji ya mto Ruvu tangu mwaka 1959, lakini nyumba nyingi bado zinahitaji tangi la akiba lililoinuliwa juu ya kichanja ili maji yashuke yenyewe hadi kwenye sinki ya bomba yanapokatika. Maji machafu ya jikoni hubeba mafuta ya nazi na masalio ya chakula ambayo huganda na kuziba mabomba, hivyo kati ya sinki na shimo la kunyonya ilijengwa chemba ndogo ambamo mafuta huelea juu na kuchotwa, huku maji yakipita chini. Bomba lililo chini ya sinki lilipindwa ili libaki na maji kidogo wakati wote, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande. Shimo la kunyonya nalo lilichimbwa mbali na kisima, kwa kufuata kanuni inayotumika sana ya kuacha angalau mita 30.

Moshi, gesi na umeme

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na walio karibu zaidi na moshi huo ni wanawake wanaopika na watoto wanaobebwa migongoni mwao. Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa Kibaha na Kisarawe jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu misitu ya eneo hili, ikiwemo ya Pugu na Kazimzumbwi, imekatwa kwa muda mrefu ili kulisha majiko ya mkaa ya Dar es Salaam, na mwenye nyumba anayekarabati jiko lake anaamua pia hatima ya sehemu ndogo ya misitu hiyo.

Hata hivyo, kubadili nishati bila kubadili jengo ni hatari. Gesi ya kupikia ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na inapovuja hushuka na kutambaa sakafuni badala ya kupanda, hivyo matundu ya juu yaliyotosha kutoa moshi hayatoshi kutoa gesi. Katika jiko la Mbwawa yaliachwa matundu yenye wavu karibu kabisa na sakafu, pamoja na yale ya juu, na mtungi ukawekwa nje katika kizimba chenye kivuli, ukiunganishwa kwa mpira maalumu unaokaguliwa kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Umeme nao ulihitaji uangalifu wa namna yake. Jiko la umeme la wati 2,000 huvuta takriban ampea 9 katika volti 230, na waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 uliofungwa zamani kwa ajili ya taa haukukusudiwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi. Hivyo njia mpya ya umeme ilivutwa kutoka kwenye swichi kuu kwa waya mnene zaidi na waya wa ardhini. Kazi hiyo ilipewa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, kwa kuwa hapo ndipo ujasiri wa mwenye nyumba unapaswa kukoma.

Kuni hazikufukuzwa moja kwa moja. Chini ya upenu wa nje, upande ambao kaskazi haurudishi moshi nyumbani, lilijengwa jiko la udongo lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi lililopandishwa juu kupita paa, kwa ajili ya siku za shughuli ambapo sufuria kubwa za pilau haziwezi kuinjikwa juu ya jiko la gesi. Uamuzi huo uliwezesha familia kupunguza kuni kwa kiwango kikubwa katika siku za kawaida bila kuvunja desturi ya kupika kwa pamoja kwenye harusi na misiba, na ukadumu kwa sababu haukumtaka mtu yeyote aache kila kitu kwa siku moja.

Kimo cha mpishi

Vitabu vingi vya ujenzi hutaja meza ya jikoni yenye kimo cha kati ya sentimita 85 na 90, na kimo hicho kinafaa kukatia mboga na kuoshea vyombo. Hakifai kusongea ugali. Anayesonga ugali wa watu wengi hutumia nguvu ya mabega na mgongo, na anahitaji sufuria iwe chini ya kiwiko. Jiko la gesi likiwekwa juu ya meza ya sentimita 90, ukiongeza na kimo cha sufuria, mwiko hufika kifuani na mpishi hulazimika kuinua mikono kana kwamba anapaka rangi. Kwa hiyo sehemu ya kupikia ilijengwa chini zaidi ya sehemu ya kukatia, kwa kumpima mama mkubwa na mabinti waliopika naye wakiwa wamesimama na mwiko mkononi, na mahali pa kukalia mbuzi palihifadhiwa karibu na dirisha ili anayekuna nazi aone vizuri na kupata hewa.

Hapa ndipo ukarabati ulipoonyesha maana yake ya kijamii. Katika nyumba nyingi fedha za ujenzi hutolewa na wanaume au vijana walio mjini, na jiko hujengwa na watu wasiopika, wakati wanaopika hupewa taarifa kazi ikishakamilika. Jiko linalojengwa hivyo hupendeza wageni, lakini baada ya mwezi mmoja mpishi hutoa kigoda chake na kurudi kupikia nje, na chumba kipya hugeuka kuwa stoo. Kumshirikisha mpishi ni sharti la kiufundi lenye uzito uleule wa kupima mteremko wa sakafu, maana vipimo vya mwili wake, mpangilio wa kazi zake na watu anaofanya nao kazi ndivyo vinavyoamua kama fedha zilizotumika zitaleta faida.

Mikono ya mwenyewe na mipaka yake

Mwenye nyumba anayefanya kazi kwa mikono yake huokoa ujira, lakini faida kubwa zaidi ni ujuzi unaobaki nyumbani. Aliyekandika ukuta mwenyewe huutambua ufa ukiwa mdogo, aliyechimba chemba hujua siku ya kuchota mafuta, na vijana walioshika timazi, kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, hawatadanganywa na fundi mzembe watakapojenga zao. Mipaka ya kazi hizo nayo inajulikana: umeme, unganisho la gesi na mihimili inayobeba paa vinahitaji mwenye ujuzi, na katika nyumba za zamani za taasisi zenye paa au dari za asbesto, ambazo nyuzi zake zikivutwa puani huleta maradhi ya mapafu na saratani, mtu asizikate, asizitoboe wala asizivunje mwenyewe.

Ukarabati unaoanza na rangi na vigae huficha maradhi ya nyumba, na ule unaoanza na maji, moshi, mchwa na mpishi huyaponya, hata kama kwa muda mrefu hauna cha kuonyesha kwa wapita njia. Nyumba za udongo za Kibaha na Kisarawe zimestahimili masika mengi na bado zinaweza kuwatunza wanaozirithi, mradi wasizihukumu kuwa mbovu kabla ya kuzielewa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani anayekusudia kazi hii anaombwa, kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji wa kilo 50, akae jikoni na anayepika humo, amwulize kila kitu kimewekwa pale kwa nini, na aandike majibu yake, kwa kuwa majibu hayo ndiyo mchoro wa kwanza wa jiko jipya.